Barua ya wazi: Dawa zetu zipimwe kwa seli za watu wetu

Kwa: Mawaziri wa afya na mawaziri wa sayansi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakuu wa mamlaka za udhibiti wa dawa, wakuu wa taasisi za utafiti wa tiba.

YAH: KUANZISHA BENKI YA SELI NA TISHU ZA BINADAMU NA KUACHANA NA MAJARIBIO YA DAWA KWA WANYAMA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mfamasia, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia maabara. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo kubwa linaamuliwa sasa hivi katika nchi zetu bila kujadiliwa mahali popote ninapopajua. Tunajenga viwanda vya dawa na chanjo. Kigali imepokea mitambo ya kutengeneza chanjo za mRNA, zile zinazoupa mwili maelekezo ya kujijengea kinga. Kenya imeunda taasisi yake ya kutengeneza chanjo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vigezo vya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2024 Rwanda nayo ikafika hapo. Kila kiwanda kitahitaji maabara ya kuthibitisha usalama wa kila toleo kabla halijaingia kwenye mshipa wa mtu. Je, maabara hizo zitajengwa na mabanda ya sungura na panya, au zitajengwa na vyumba vya kukuzia seli za binadamu? Banda likishajengwa, likaajiri watu na kuingia kwenye bajeti, litadumu miaka 30.

Nianze na sungura, maana habari yake imekwisha kuamuliwa kwingine. Dawa yoyote ya sindano lazima ithibitike kwamba haina mabaki ya vijidudu yanayoleta homa. Kwa zaidi ya miaka 70 kipimo kilikuwa hivi: sungura watatu hubanwa shingo kwenye kasha wasiweze kugeuka, kipimajoto huingizwa njia ya haja kubwa, dawa huchomwa kwenye mshipa wa sikio, kisha joto lao hufuatiliwa kwa saa 3. Joto likipanda kupita kiwango, toleo linakataliwa.

Leo kazi hiyo inafanywa na damu ya mtu. Zipo chembe nyeupe ziitwazo monosaiti, na hizo ndizo zinazoanzisha homa katika miili yetu. Huchanganywa na dawa kwenye visahani vya plastiki na kulazwa usiku mmoja katika joto la nyuzi 37. Kama dawa ina kichochezi cha homa, monosaiti humwaga kemikali za kutoa taarifa, nazo hupimwa kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili. Njia hii ilizaliwa Ujerumani katika miaka ya 1990. Mwaka 2024 kamisheni inayosimamia vitabu vya viwango vya dawa vya Ulaya iliamua kuliondoa jaribio la sungura katika maandiko yake yote, na uamuzi ukaanza kutumika Julai 2025. Sasa angalieni: ELISA ni kipimo ambacho maabara zetu zimekitumia miaka mingi kuchunguza VVU na homa ya ini katika damu ya kuchangia. Mafundi wapo, mashine zipo, na damu ni ya kwetu. Kinachokosekana ni mwongozo wa mamlaka kusema kwamba matokeo ya kipimo hiki yanakubalika, na kwamba asiyemtesa sungura hatarudishiwa faili lake.

Wapo watakaoniuliza kama nataka watu wawe panya wa majaribio. Ukweli ni kwamba watu wameumia mara nyingi kwa sababu tulimwamini mnyama. Machi 2006, katika hospitali moja ya London, vijana 6 wenye afya njema walipewa dawa mpya iliyoitwa TGN1412. Dozi yao ilikuwa mara 500 chini ya ile iliyoonekana salama kwa nyani. Ndani ya saa chache wote 6 walikuwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Waliokolewa, lakini baadhi yao waliondoka na vilema. Baadaye ilibainika kwamba aina fulani ya chembe za kinga za binadamu hubeba kipokezi ambacho chembe za namna hiyo za nyani hao hazina. Dawa ilipojaribiwa upya kwenye chembe za damu ya mtu, zikiwa zimeandaliwa vizuri, hatari ilionekana pale pale kwenye kisahani. Na mnyama hukosea upande wa pili pia. Penisilini, ambayo imeokoa watu wasiohesabika, huua simbilisi.

Kwa hiyo wenzetu wamegeuka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 ilikuwa imesababisha kila dawa mpya ipitie kwa wanyama. Desemba 2022 ikarekebishwa, na sasa seli za binadamu, tishu zilizojengwa maabara na chipu zenye seli za viungo (vifaa vidogo ambamo kimiminika hupita kwenye seli hai) zinaweza kutumika kama ushahidi. Mwaka 2022 pia ulichapishwa utafiti wa chipu za ini: chipu 870 zilizojazwa seli za ini la mtu zilipewa dawa 27 ambazo madhara yake kwa watu yalikwisha kujulikana. Zilinasa asilimia 87 ya dawa zinazoumiza ini, na hazikuisingizia hata dawa moja iliyo salama. Baadhi ya dawa hizo zilikuwa zimepita kwa wanyama bila kelele, zikaja kuua watu hospitalini.

Hapa ndipo naomba tukae kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawalazimiki kujiuliza. Tunaposema seli za binadamu, ni za binadamu yupi?

Sehemu kubwa ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingi, zilizohifadhiwa katika benki kubwa za dunia zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tukizinunua zikiwa tayari na kuziamini zilivyo, tutakuwa tumemwondoa panya na kuweka mtu wa mbali, na mtu wa Kigoma, wa Kisumu, wa Gulu au wa Goma bado hatakuwa ndani ya kipimo. Hili si suala la heshima tu, wala sisemi kwamba miili yetu ni ya aina ya pekee. Nasema vimeng'enya vinavyovunja dawa kwenye ini vinatofautiana kati ya mtu na mtu, na baadhi ya tofauti hizo ni za kawaida sana kwetu na ni adimu kwingine. Madaktari waliotibu wagonjwa wa VVU wanaikumbuka efavirenzi: kizunguzungu, ndoto za kutisha, watu kuchanganyikiwa. Kimeng'enya kiitwacho CYP2B6 ndicho kinachoiondoa mwilini, na aina yake ya polepole inapatikana kwa Waafrika wengi zaidi kuliko kwa Wazungu. Dozi ile ile ikawa nyingi mno kwa watu wetu wengi. Kule Ethiopia, utafiti wa mwaka 1996 ulikuta karibu watu 3 kati ya 10 wana nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, ambayo hugeuza kodeini kuwa mofini. Kwa mtu wa namna hiyo, dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuwa hatari.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa malaria. Dawa iliyoitwa Lapdap, mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, ilitengenezwa mahususi kwa ajili ya Afrika, iwe rahisi na ichelewe kuzoeleka na vimelea. Ilipitishwa Uingereza mwaka 2003, ikasajiliwa katika nchi kadhaa za Afrika, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni. Sababu: kwa wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, dapsoni ilipasua chembe nyekundu na damu ikashuka vibaya. Upungufu huo umeenea katika maeneo ya malaria kwa sababu humkinga mtu kwa kiasi fulani dhidi ya malaria yenyewe. Maana yake, dawa iliwaumiza watu wale wale iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Ni haki niseme kwamba tabia hii ya dapsoni haikuwa siri. Ilijulikana tangu enzi za wagonjwa wa ukoma. Kilichokosekana ni njia ya kupima mapema ukubwa wa madhara kwa dozi ile, kwa damu ya watu wale, kabla maelfu ya watoto hawajaimeza. Panya wa kawaida wa maabara hawezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa hana upungufu huo. Hata kuchanganya dapsoni na chembe nyekundu kwenye kichupa hakutoshi, kwa sababu dapsoni yenyewe si mkosaji mkuu. Ini huibadilisha, na kile kinachotoka kwenye ini ndicho kinachopasua chembe. Kwa hiyo unahitaji seli hai za ini na chembe nyekundu za mtu mwenye upungufu wa G6PD, zote mbili katika mfumo mmoja, kimiminika kikipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hicho ndicho chipu za tishu zilichobuniwa kufanya. Nani atakijenga kifaa hicho kama si sisi, ambao tuna chembe hizo katika kila kituo cha kuchangia damu?

Naomba pia msije mkaambiwa kwamba hii ni sayansi ya kigeni ambayo hatuiwezi. Vimelea vya malaria vya binadamu hukuzwa ndani ya chembe nyekundu za mtu tangu mwaka 1976, William Trager na James Jensen walipoonyesha njia huko New York. Wataalamu wetu wa Kilifi na Kisumu wanafanya kazi hiyo kama jambo la kawaida. Kabla ya hapo, dawa zilichujwa kwa vimelea vya panya, na hata hivyo vilitoka kwetu: Plasmodium berghei ilipatikana kwa panya wa msituni Katanga mwaka 1948. Ilisaidia sana, sikatai. Lakini ni ugonjwa wa panya.

Na malighafi je? Tunayo, na kila siku tunaitupa. Nchi zetu zimefanya tohara ya kitabibu kwa vijana wengi mno kama kinga dhidi ya VVU, kuanzia Nyanza hadi Iringa na Njombe. Ngozi inayokatwa huchomwa moto pamoja na taka nyingine za hospitali. Katika nchi nyingine ngozi hiyo hiyo ndiyo chanzo cha seli za kujengea ngozi ya maabara: seli hupandwa juu ya utando, zikishaziba hunyanyuliwa zikutane na hewa, na katika wiki chache zinajipanga tabaka kwa tabaka kama ngozi ya mtu. Ngozi ya namna hiyo inakubalika kimataifa tangu mwaka 2010 kupima kama kemikali inawasha ngozi, kazi ambayo zamani alifanyiwa sungura aliyenyolewa mgongo. Fikirieni kuwa na ngozi ya maabara yenye weusi wetu, yenye seli zetu za rangi, tukapima juu yake vipodozi vya kujichubua vinavyoingizwa kila leo kwa majina mapya. Kondo la nyuma nalo hutupwa baada ya kila uzazi. Vipande vya utumbo na ini vinavyobaki baada ya upasuaji hutupwa. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Muhimbili imefuatilia maelfu ya wagonjwa hao kwa miaka. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2007 kwamba seli ya kawaida ya ngozi ya mtu inaweza kurudishwa iwe seli shina, na seli shina ikafanywa seli ya moyo, ya neva au ya damu. Hatuna sababu ya kusubiri wengine waje wachukue seli za wagonjwa wetu, waende nazo, kisha watuuzie.

Nalisema hili la kuchukua nikijua uzito wake. Mwaka 1951 madaktari wa Baltimore walichukua seli za saratani ya Henrietta Lacks, mama mweusi, bila ridhaa yake. Seli hizo zimekua kote duniani, zimetengeneza mabilioni ya fedha, na ni mwaka 2023, zaidi ya miaka 70 baadaye, familia yake ilipofikia makubaliano na kampuni moja iliyozitumia. Benki ninayoiomba haiwezi kuanza kwa namna hiyo. Mama aulizwe kabla ya uchungu kuanza, wala si wakati yuko kitandani. Kijana wa tohara aelezwe kwa lugha anayoielewa, na mzazi wake aelezwe pia kama bado ni mtoto. Kusema hapana kusimpunguzie mtu huduma yoyote. Na tusianze na tishu za marehemu. Familia zetu huzika mapema, Waislamu hasa, na kwenda kuwaomba waliofiwa kipande cha ini la mpendwa wao ni kuichafua kazi kabla haijaanza. Damu, kondo, ngozi za tohara na mabaki ya upasuaji vinatosha kwa miaka mingi. Sampuli ikitoka nje ya nchi, mkataba useme wazi nani anaimiliki na faida inarudi vipi.

Kuna jambo moja ambalo hata wanaojiita marafiki wa wanyama hulisahau. Seli nyingi za maabara bado zinalishwa seramu inayotolewa kwenye damu ya ndama ambaye hajazaliwa, anayekutwa tumboni mwa ng'ombe machinjioni. Mbadala mzuri upo: chembe sahani za damu ya watu. Chembe hizo zikikaa siku 5 huisha muda wa kumpa mgonjwa na humwagwa. Zikigandishwa na kupasuliwa, hutoa virutubisho vinavyokuza seli za binadamu vizuri sana. Benki za damu zetu na maabara zetu za seli zinapaswa kuzungumza wiki hii.

Sitaki kuwaahidi nisichoweza kukitetea. Chipu haina mimba. Haina ubongo unaoogopa, wala haitaonyesha jinsi dawa inavyotembea katika mwili mzima kwa miezi. Dawa za kuzuia sumu ya nyoka, ambazo wakulima na wafugaji wetu wanazihitaji mno, bado hupimwa kwa panya wanaochomwa sumu, na leo siwezi kuwaambia waache kesho asubuhi. Nadai tu kwamba mnyama atumike pale ambapo mtafiti ameeleza, kwa maandishi, kwa nini seli haziwezi kujibu swali lake. William Russell na Rex Burch waliutetea msimamo wa namna hii mwaka 1959: mwondoe mnyama inapowezekana, punguza idadi yao, punguza mateso yao. Tanzania ina sheria ya ustawi wa wanyama tangu mwaka 2008. Lakini ingieni kwenye maktaba za vyuo vyetu muone. Bado mtakuta tasnifu za dawa za asili ambamo panya wamenyweshwa maji ya magome kwa kipimo kinachopanda mpaka nusu yao wafe, ili ipatikane namba iitwayo LD50. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1927, na OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, likaufuta mwongozo wake wa zamani mwaka 2002. Nimewashika panya hao mikononi. Wanatetemeka, wanajikunja, wananyanyua manyoya. Namba inayopatikana haimwambii mgonjwa anayekunywa dawa ile kwa miezi mitatu kama figo zake zitapona, na seli za figo za mtu zingetoa angalau dalili.

Vikwazo navijua. Seli hufa umeme ukikatika usiku na jenereta lisipowaka. Nitrojeni ya kimiminika ni ghali na inapatikana katika miji michache. Najua shehena ya vitendanishi iliyokaa uwanja wa ndege ikisubiri karatasi moja mpaka barafu kavu ikaisha, na fedha ya mradi wa mwaka mzima ikaharibika ndani ya boksi. Hayo yote yako ndani ya uwezo wenu. Waziri wa fedha anaweza kufuta ushuru wa vitendanishi hivyo. Forodha inaweza kupewa dirisha maalumu la mizigo inayooza. Haya hayahitaji mfadhili wa nje.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba haya. Mamlaka za dawa za nchi wanachama zitoe mwongozo mmoja wa pamoja, kama zinavyoshirikiana katika usajili wa dawa tangu mwaka 2012, unaokubali ushahidi wa seli na tishu za binadamu pale ambapo njia imekwisha kuthibitishwa, na jaribio la sungura liwe la kwanza kufutwa. Kamati za maadili ya utafiti zisipitishe ombi la LD50 tena. Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, iliyoko Bujumbura, ipewe jukumu na fedha za kuratibu benki ya seli na tishu ya kanda, yenye matawi katika hospitali za rufaa, ikikusanya watu wa pwani, wa maziwa makuu, wa nyanda za juu na wa nchi kame, kwa kuwa Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani na mchangiaji wa Dar es Salaam peke yake hatawakilisha wote. Wakala wa Dawa wa Afrika ulioko Kigali uihusishe benki hiyo tangu mwanzo. Na vyuo vifundishe ukuzaji wa seli kwa vitendo kuanzia shahada ya kwanza, maana vijana wengi wanahitimu wakiwa wamejua tu kumkamata panya mkia na kumchoma sindano tumboni.

Bajeti za mwaka ujao zinaandaliwa katika wizara zenu. Nipo tayari, pamoja na wenzangu wa maabara, kuja kueleza mbele ya kamati yoyote, kwa gharama zetu, na kuwaonyesha kipimo cha homa kikifanywa kwa damu iliyochangwa hapa hapa nyumbani.

Wenu katika kazi,

Mfamasia na mtafiti,
Dar es Salaam